Sauti ya Matanga

Siku Muriithi wa Gatimu alipoanza kukitangazia Chama cha Mzinga, watu wa Giakanja walitoka nje kwa wingi kuliko alivyotarajia. Walisimama malangoni, wanaume wakavua kofia, na hakuna aliyesema neno.

Mwanzoni alifurahi. Alikuwa ameketi kwenye pikapu, kipaza sauti mkononi, Mburu dereva akiendesha polepole kwenye barabara ya udongo mwekundu inayoteremka kutoka sokoni kuelekea mashamba ya kahawa. Ukungu ulikuwa umelala juu ya vilima tangu baridi ya Julai ianze, na mlima ulikuwa haujaonekana kwa majuma. Watu walijitokeza ndani ya ukungu huo mmoja mmoja. Mwanamke mmoja alitua mzigo wa majani ya ng'ombe, akajinyoosha, akangoja.

"Wangui wa Wamae," Muriithi alisema, na spika zikalipeleka jina hilo ng'ambo ya bonde. "Wangui wa Wamae, wa hapa Giakanja."

Yule mwanamke alikunja mikono kifuani, akatikisa kichwa taratibu.

"Baba Sophie," Mburu akamwambia bila kugeuza macho, "hawa watu wanasikiliza sana."

"Ni vizuri."

"Ni vizuri. Lakini wanasikiliza ile ya..." Akabadilisha gia. "Wacha tu."

Muriithi hakuhitaji kumaliziwa sentensi. Hapakuwa na mtu Tetu nzima asiyeijua sauti yake, na hapakuwa na mtu aliyewahi kuisikia ikitoka kwenye spika kwa jambo la heri.

Alikuwa amerudi nyumbani kutoka chuo kikuu na shahada ya historia, akangojea kazi ya ualimu mpaka alipoona aibu kuendelea kusema kwamba anangoja. Aliimba kwaya. Siku moja mtangazaji wa vifo alipopatwa na homa, wazee wa kanisa walimwomba Muriithi ashike kipaza sauti kwa jioni ile tu, na jioni ile haikuisha tena. Katika vilima vile, kabla ya maziko, gari la matangazo huzunguka kila kijiji likitaja jina la marehemu, wazazi wake, aliowaacha, na siku atakayolazwa. Gari hilo likipita, mtu habaki ndani. Hata wanaogombana husimamisha ugomvi ili wasikie kwanza ni nani.

Muriithi aliifanya kazi hiyo kwa uangalifu ambao pengine angeupeleka darasani. Alijifunza kuacha kimya kidogo kabla ya jina, ili walio mbali shambani wapate nafasi ya kuinua mgongo. Alijifunza kulitaja jina mara mbili, na kuishusha sauti mwishoni kama mtu anayeweka kitu chini asikivunje. Miaka ikapita na mtindo huo ukamkaa kooni. Akiomba chumvi mezani, binti yake Sophie alikuwa akiuliza, "Baba, ni nani tena?"

Chama nacho kilikuwa maisha yake ya upande wa pili. Alijiunga nacho akiwa mwanafunzi, nyakati ambapo Mzinga ulijaza uwanja wa Ruring'u na vijana waliamini kwamba nchi ingebadilika kabla hawajamaliza masomo. Wenzake waliondoka mmoja baada ya mwingine, wengine kwenda kwenye biashara, wengine kwenye vyama vilivyokuwa na magari. Yeye alibaki, na mara nyingi alijiuliza kama kubaki kwake kulikuwa msimamo au uvivu tu wa kuhama. Katika mikutano ya tawi la Tetu, siku nyingine alikuwa mwenyekiti, mwandishi na mkutano wenyewe.

Sasa uchaguzi ulikuwa umebakiza siku chache, na eneo zima la mlima lilikuwa linaenda kupiga kura ya suti, yaani chama kimoja kikubwa kuanzia juu mpaka chini, bila kuchagua kola na kuacha suruali. Wakuu wa Mzinga kule Nairobi walikuwa wamesema wazi: wakipata kiti kimoja popote, watashikilia; wakikosa, watafunga ofisi na kila mtu aende kwao. Kiti hicho kimoja, kama kilikuwapo, kilikuwa cha mwakilishi wa wadi ya Giakanja, na mgombea alikuwa Wangui.

Wangui aliendesha shule ya chekechea karibu na soko na alikuwa amewaongoza akina mama kuleta maji ya bomba mpaka miteremko ya chini. Watu walimpenda. "Shida si Mama Kim," walisema, wakimwita kwa jina la mwanawe, "shida ni hiyo mzinga yake." Mpiga muziki aliyekuwa akimtangazia alipohamia kwenye msafara wa chama kikubwa pamoja na spika zake, Muriithi alijitolea na zile spika zake za matanga. Hata wakati ule hakuwa na hakika kama alisukumwa na mapenzi ya chama au na hamu ya kusikika, mara moja maishani, akitangaza jambo lililo hai.

Siku iliyofuata ile ya tangazo la kwanza, aliingia hotelini sokoni kunywa chai, akakaa nyuma ya wazee wawili waliompa mgongo.

"Huyo Wangui alikuwa mtu wa watu," mmoja alisema.

"Alikuwa. Ile maji aliletea mama yangu, sisahau."

"Na si mimi nilimwona jana hapa kwa soko?"

"Hata mimi nilimwona. Alikuwa amekonda."

Wakapuliza chai. Muriithi alingoja mmoja wao acheke, kwa kuwa wazee wa Giakanja ni mafundi wa mzaha wenye uso mkavu. Hakuna aliyecheka. Mmoja alitoa kitambaa akajifuta pua, akasema kwamba watoto wa ile chekechea watapata taabu.

Kuanzia hapo alianza kuyasikia kila mahali: alikuwa, alisaidia, alitupenda. Waliosema hivyo hawakuwa wajinga. Walijua kwamba Wangui yu hai. Wengine walikuwa wamempa mkono asubuhi ile ile. Lakini sauti ilikuwa imepita na kulitaja jina lake, na mwili wa msikilizaji ulikuwa umekwisha kutii kabla akili haijaulizwa. Hata wafuasi wa chama kikubwa waliacha kumshambulia. Mburu alihudhuria mkutano wao akarudi na habari kwamba mgombea wao alipoanza kumkejeli Wangui, watu walinung'unika, na mzee mmoja akamvuta koti. "Ati si adabu," Mburu alisema. "Si adabu wakati kama huu. Wakati gani, Baba Sophie? Wewe umesoma. Niambie ni wakati gani huu."

Muriithi alifunga spika ndani ya gunia, akaenda nazo mjini Nyeri, kwa Govind.

Govind alikuwa amerithi duka la redio kutoka kwa baba yake, na alikuwa amezitengeneza spika zile mara nyingi. Alizifungua, akaunganisha nyaya, akamwambia Muriithi aseme kitu.

"Nchi nzuri, viongozi wazuri," Muriithi akasema.

Mama mmoja aliyekuwa akinunua tochi aligeuka, akaiweka tochi kwenye kaunta.

"Tena," Govind akasema.

"Nchi nzuri, viongozi wazuri."

Govind alizima mashine. "Muriithi bwana, hii kitu haina kasoro. Mama yangu Rasila akifariki, nitakuja kukuchukua wewe, hata kama kwetu tunachoma, hatuziki. Lakini ukiniambia nipige kura kwa sauti hii, nitauliza maziko ni saa ngapi."

"Huwezi kuipandisha kidogo? Ichangamke?"

"Naweza kuipandisha. Utakuwa mtu mwenye sauti nyembamba anayetangaza kifo." Akamrudishia gunia. "Mwache dereva wako aseme."

Wakajaribu hivyo. Mburu alishika kipaza sauti kutoka soko la Giakanja mpaka mwisho wa lami, akipiga kelele, akitania, akiwaita akina mama wachumba zake. Hakuna lango lililofunguka. Nyumba zilikaa ndani ya ukungu kana kwamba zimehamwa, na moshi wa jikoni tu ndio ulioonyesha kwamba watu wako ndani na wameamua. Wakajaribu muziki, wimbo mwepesi wa vijana. Muriithi alisema maneno mawili kabla ya wimbo kuanza, na watu wakatoka, wakauimba pamoja na spika, polepole, kwa sauti ya chini, mpaka ule wimbo wa mapenzi ukawa kama wimbo wa kanisani. Mburu ndiye aliyeuzima.

Jioni ile, giza lilipokuwa bado halijaingia, Muriithi alikwenda kwa Wangui kumwambia kwamba anaacha. Alimkuta jikoni amejifunga shali nzito, akikohoa.

"Karibu, Baba Sophie. Usishangae vikombe. Nilikuwa na wageni."

Vikombe vilijaa meza, na pembeni pakiti za maziwa, mikate, unga na sukari vilikuwa vimepangwa ukutani.

"Wamama wa kanisa," Wangui akasema. "Walikuja na hivyo vitu, wakaketi, wakaimba, wakaomba. Mimi ndiye niliwapikia chai. Mmoja akanishika mkono akaniambia pole."

"Pole ya nini?"

"Sikuuliza. Niliogopa atanijibu."

Muriithi alikaa. Alijieleza kwa shida, akianza mwanzo, akirudi nyuma, akiomba radhi kabla hajafika penye kosa. Alisema kwamba hajawahi kumtangaza mtu aliye hai kwenye spika zile. Alisema kwamba haamini mambo kama hayo, kisha akamtazama akikohoa na akajua kwamba anaamini.

"Wewe ulifikiri sijui?" Wangui akamwuliza. "Nilijua siku ile ya kwanza. Nilikuwa ndani nakoroga uji, nikasikia jina langu likipita barabarani, na unajua nilifanya nini? Niliweka mwiko chini nikasimama wima. Nikajiambia, maskini, hata mtoto hajamaliza shule."

"Basi niache."

"Ukiacha, hakuna atakayenisikia. Umeona Mburu akipita, hata mbwa hawakubweka. Watu wamechoka na sisi wote, Baba Sophie. Hawafungui mlango kwa siasa tena. Kwako wanafungua." Alivuta shali. "Kesho kutwa ni mkutano wa mwisho. Nataka waje. Vile watakuja, tutaona."

Kwa hiyo alitangaza tena, siku nzima ya kabla ya mkutano, jina, kijiji, mahali na siku. Alijitahidi kuyatamka kwa furaha, na kadiri alivyojitahidi ndivyo sauti ilivyozidi kutulia. Malangoni watu waliuliza jambo moja tu, kama ni kabla ya chakula cha mchana au baada.

Siku ya mkutano alifika mapema kwenye uwanja wa Giakanja, akakuta mahema yamekwisha simamishwa. Hakuna mtu wa chama aliyeyaagiza. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa safu kwa safu na njia pana imeachwa katikati. Watu walikuwa wakishuka kutoka kila upande, kwa miguu, wamevaa makoti ya Jumapili, wanawake wamejifunga vitambaa vichwani. Wengine walikuwa wametoka mbali, Othaya na Endarasha, kama watu watokavyo mbali wakisikia kwamba wa kwao ameondoka. Uwanja ulijaa kuliko alivyowahi kuona Mzinga ukiujaza uwanja wowote tangu enzi za ujana wake. Na hapakuwa na filimbi, wala kelele, wala kijana mmoja aliyedai fulana. Ukungu ulishuka mpaka kwenye paa za mahema.

Wangui alipopita ile njia ya katikati, watu walimtazama kwa upole wa kuaga. Mama mmoja alinyoosha mkono akaigusa shali yake, akaurudisha haraka.

Akapanda jukwaani, akachukua kipaza sauti. "Watu wangu. Mnaniona. Mimi ni mzima. Nina kikohozi tu."

Wanaume walivua kofia.

"Sijakufa," Wangui akasema.

Kisha bibi mmoja wa safu ya mbele, Wacera, aliyemfundisha Wangui katekisimu alipokuwa mtoto, alisimama kwa kushikilia kiti cha jirani yake.

"Mwanangu, tunakuona," alisema. "Tunashukuru Mungu. Lakini sauti ilipita kwetu ikatuita. Tumeacha kazi, tumevaa, tumekuja. Kama si wewe, ni nani?"

"Ni nani?" mtu mwingine akauliza nyuma.

Swali likatembea chini ya mahema. Watu wakaanza kutazamana, kwanza kwa haya, kisha kwa hofu. Akina mama waligeuka kuwatafuta watoto wao kwa macho. Mwanamume mmoja alitoa simu, akampigia mtu, akasikiliza ikilia bila kupokewa, na waliokuwa karibu naye wakasogea. Muriithi aliona jambo ambalo hakuwa amelifikiria: umati ule wote ulikuwa umebeba huzuni siku nyingi, na sasa umeambiwa kwamba haina mwenyewe. Ingeweza kuangukia nyumba yoyote.

Wangui akashuka, akamjia, akamtia kipaza sauti mkononi.

"Wape jina," akasema kwa sauti ya chini.

"Jina gani?"

"Unalijua, Baba Sophie."

Alilijua. Alilijua hata kabla hajauliza. "Mama Kim, mimi nimekaa ndani yake tangu ujana. Sina kingine."

"Najua. Wamekuja kuzika. Wasipozika kile, watanizika mimi kesho kwa kura, na kitakufa hata hivyo."

"Na nikikizika, nitakuwa nimekiokoa au nimekiua?"

"Mimi sikusoma historia," Wangui akasema. "Angalia hao watu."

Aliwaangalia. Kisha akafanya alichokifanya siku zote. Akaacha kimya kidogo, ili walio mbali wainue mgongo.

"Kwa masikitiko," alisema, "tunawatangazia watu wa Giakanja, watu wa Tetu, ndugu wa Othaya na Endarasha na wote walio mbali. Chama cha Mzinga. Chama cha Mzinga, cha hapa kwetu." Sauti yake haikutikisika, ilikuwa imeandaliwa kwa hili kwa maisha yake yote, na wazo hilo lilimtisha kuliko ule ukungu. "Kilizaliwa na vijana waliodhani wataibadilisha nchi. Kililelewa na wazee wenu. Kiliugua kwa muda mrefu. Wengi walikitembelea kilipokuwa na nguvu, na wachache kilipolala." Kulikuwa na sehemu moja iliyobaki, ile ambayo watu huisubiri zaidi, ya waliosalia. Hakuwa ameiandaa. Ilitoka yenyewe. "Kimeacha mtoto mmoja. Wangui wa Wamae."

Uwanja mzima ulishusha pumzi kwa pamoja, na pumzi hiyo ilionekana, nyeupe, ikipanda kwenye baridi. Mabega yalilegea. Yule mwenye simu akairudisha mfukoni. Bibi Wacera aliketi, akatikisa kichwa kwa ridhaa ya mtu aliyejibiwa vizuri.

"Ni hicho kumbe," mzee mmoja alisema. "Kiliteseka sana."

"Afadhali kimepumzika."

"Na huyu mtoto?"

"Huyu tutamshika mkono. Hawezi kuachwa peke yake."

Wakaanza kuimba. Wakapanga foleni, wakampa Wangui mkono mmoja mmoja wakimwambia pole, na safari hii walimtazama machoni, kama mtu anayemwona aliye mbele yake. Alisimama pale akipokea mikono mpaka uwanja ukabaki na viti. Hakukohoa tena, au labda Muriithi hakusikia. Yeye alikuwa ameketi kwenye ngazi ya jukwaa, kipaza sauti kimezimwa, na hakuna aliyemjia kumpa pole, kwa kuwa mtangazaji si mfiwa.

Kura zilipopigwa, suti ilivaliwa mlima mzima. Chama cha Mzinga hakikupata kiti Othaya, wala Endarasha, wala mji wa Nyeri, wala popote pengine nchini. Asubuhi ya pili Muriithi alikwenda kwenye ukumbi wa shule yalikotangazwa matokeo ya wadi, akakaa nyuma. Ukumbi ulijaa watu wa Giakanja. Msimamizi wa uchaguzi, mwanamume mgeni katika eneo lile, alisoma idadi ya kura za kila mgombea kwa sauti ya kuchoka, kisha akainua kichwa.

"Kwa hiyo namtangaza Wangui wa Wamae, wa Chama cha Mzinga, kuwa mwakilishi mteule wa wadi hii."

Simu ya Muriithi ikalia. Ilikuwa sauti ya Nairobi, ya mmoja wa wakuu, akilia na kucheka. "Muriithi, umesikia? Tumepata! Chama kiko hai, ndugu yangu. Kiko hai."

Ndani ya ukumbi hakuna aliyepiga makofi. Jina la chama lilipotajwa, watu wote walikuwa wamesimama, safu baada ya safu, bila kuambiwa na mtu, mikono imeshikanishwa mbele, macho chini. Msimamizi alitazama karatasi yake, akawatazama wao, akatazama tena karatasi, akitafuta alipokosea. Wangui naye alikuwa amesimama pale mbele, ameinamisha kichwa pamoja nao.

"Haloo?" ilisema simu. "Muriithi? Uko hapo?"

Muriithi aliishusha kutoka sikioni. Akangoja kidogo, kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyekuwa bado ameketi, kisha naye akasimama.